Kazi Iko, Usingizi Haiko

Kiwanja cha ndege cha Dallas–Fort Worth kilifunguliwa Januari 1974, na eneo lake linakizidi kisiwa kizima cha Manhattan. Hayo nilikuwa nimeyasoma nikiwa bado Kasulu, Tanzania, lakini kuyasoma ni kitu kimoja na kuyatembea kwa miguu ukiwa na begi begani ni kitu kingine. Mdogo wangu hakuja kunipokea. Alikuwa zamu. Alinitumia maelekezo kwa WhatsApp, hatua kwa hatua: panda basi la kiwanja hadi Terminali B, tafuta treni ya TEXRail, kata tiketi kwenye mashine, shuka Fort Worth. Chini kabisa akaandika, "Pole kaka, hapa mtu haombi ruhusa ovyo." Nilikaa dirishani nikitazama nyumba za Grapevine na maegesho yaliyojaa magari, huku sentensi hiyo ikinizunguka kichwani. Jibu la swali lililonileta lilikuwa limekwisha kuanza.

Nimefundisha miaka mingi Makere, jirani na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita. Kuanzia 2015 maelfu yao walichukuliwa kwenda Marekani, na Texas ikapokea wengi: Fort Worth, Dallas, Houston. Wazazi wa wanafunzi wangu wamo. Kila walipopiga simu walisifu barabara na maji ya bomba, kisha kabla ya kuagana sauti ikashuka, wakasema hawalali. Nilitaka kuwaona, na nilitaka kujua wanafanya nini mzigo wa mawazo unapozidi. "Jipe moyo" nimeshaisikia vya kutosha. Nilichotaka kukiona ni yale ambayo mtu anayafanya kwa mikono yake na kwa akili yake hadi usiku upite.

Jumapili wazazi hao walinipeleka kwenye ibada ya Wakongo huko Fort Worth. Jengo ni la Wazungu, wetu wanalipata mchana baada ya wenyewe kumaliza. Vitenge, kwaya mbili, gitaa la umeme, watoto wanaozungumza Kiingereza cha Texas na kuitikia "amina" kwa Kiswahili cha Fizi. Baada ya ibada mama mmoja wa Uvira alinishika mkono asiuachie. "Mwalimu," akasema, "huku kazi iko, chakula iko, lakini usingizi haiko."

Akanieleza. Anafanya kazi usiku kwenye ghala la kupakia mizigo. Mchana watoto wanarudi kutoka shule, simu inalia kutoka kambini, mwenye nyumba anataka kodi tarehe 1, na nauli ya ndege aliyokopeshwa wakati wa kuja bado anairudisha kidogo kidogo. Juu ya yote hayo kuna binti yake mkubwa. Jina la binti lilikuwa limeandikishwa, vipimo vilikuwa vimeanza, na Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Binti yuko Nyarugusu hadi leo.

Wataalamu wawili wa Kimarekani, Richard Lazarus na Susan Folkman, walichapisha kitabu mwaka 1984 ambacho bado kinategemewa katika somo la kukabiliana na mzigo wa mawazo. Walieleza kwamba mtu akibanwa ana njia mbili kubwa: kulishughulikia jambo lenyewe, au kuishughulikia hali ya moyo wake juu ya jambo hilo. Ukiweza kulibadili jambo, libadili. Usipoweza, fanya kazi na moyo. Kwa maneno ni rahisi. Yule mama, hata hivyo, amebeba yote mawili kwa pamoja. Kodi anaweza kuipangia. Mlango uliofungwa Washington hawezi kuufungua hata akikesha mwaka mzima. Naamini sehemu kubwa ya uchovu wake inatoka hapo, kwamba anakipigania kila kitu kwa nguvu ileile.

Wanawake wa kanisa lile wana kikao chao kwenye chumba cha nyuma, viti vya plastiki vikiwa duara. Aliyewaongoza siku hiyo aliwahi kuwa mshauri wa kijamii Kivu Kusini, na njia anayotumia ina historia inayostahili kujulikana kwetu sote. Mwaka 2013 jarida la kitabibu la New England lilichapisha utafiti ulioongozwa na Judith Bass wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, uliofanywa vijijini mashariki mwa Kongo kwa wanawake 405 waliofanyiwa ukatili wa kingono. Vijiji 7 vilipata tiba ya fikra katika vikundi, vikao 12, na vijiji 8 vikapata msaada wa mtu mmoja mmoja. Waliotoa tiba walikuwa wasaidizi wa kijamii Wakongo wenye elimu ya sekondari tu, si madaktari. Kwa kuwa wanawake wengi hawakujua kusoma, karatasi za mazoezi zilirahisishwa ili mafundisho yashikwe kwa kichwa. Miezi 6 baada ya tiba, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa 9 katika kila 100 upande wa vikundi. Upande wa pili walikuwa 42. Tiba hiyo iliasisiwa na Patricia Resick huko Marekani kwa ajili ya waathirika wa ubakaji, ikaenda Kivu, na sasa nilikuwa naiona Fort Worth mikononi mwa mama wa Kikongo.

Nilichokiona ni hiki. Mama wa Uvira alipofika kwa binti yake alisema, "Nilimuacha mutoto," na machozi yakaanza. Kiongozi hakumwambia anyamaze, wala hakumwambia Mungu yupo, ingawa wote pale wanaamini hivyo. Alimuuliza taratibu:

"Jina yake, ni nani aliandikisha?"

"Ni mie."

"Na mulango, ni nani aliufunga?"

Kimya kirefu. "Ni serikali."

"Basi sema tena, vile ilikuwa kweli."

"Nilimuandikisha. Mulango ikafungwa."

Akamrudisha kwenye sentensi hiyo, na mara ya mwisho aliisema akiwa ameinua uso. Binti bado yuko kambini, na uchungu wa mama bado upo. Ila uchungu wa kutengana ni wa haki, mama yeyote angekuwa nao. Ile hukumu ya kumwacha mwanawe ndiyo haikuwa na ushahidi, na ndiyo iliyokuwa ikimwamsha saa 9 mchana, muda anaotakiwa kulala. Tiba ya fikra na tabia, ambayo Aaron Beck aliijenga Philadelphia kuanzia miaka ya 1960, imesimama juu ya msingi huo: wazo linalokuumiza lisikilizwe kama dai, lidaiwe ushahidi, kisha lisemwe upya kwa kipimo cha ukweli. Watu hudhani ni kujilazimisha kuona mazuri. Mama wa Uvira hakuambiwa mambo ni mazuri.

Mdogo wangu anaishi Grand Prairie, katikati ya Dallas na Fort Worth, na kazi yake ni ile ya Watanzania na Wakenya wengi wa huko: kutunza wazee. Siku yake ya kupumzika alinichukua kwenda Dallas. Tulipita High Five, makutano ya barabara yaliyojengwa ghorofa 5, yaliyokamilika 2005. Ukiwa juu kabisa unaona paa za majengo chini yako na malori yanakupita kulia na kushoto. Nikaona vidole vyake vimeng'ang'ania usukani. Aliwasha taa ya pembeni, akatoka barabara kuu kwenye njia ya kwanza aliyoiona, akaegesha kwenye kituo cha mafuta. Nikamwambia avute pumzi ndefu.

"Hapana kaka," akasema, "pumzi ndefu ndiyo inayoniharibu."

Akafumba macho. Alivuta hewa kidogo kwa pua, tumbo likapanda chini ya mkanda wa gari, akaitoa polepole kuliko alivyoivuta, akangoja kidogo kabla ya kuvuta nyingine. Mabega hayakusogea. Rangi ikaanza kumrudia.

Mshauri wake ndiye aliyemfundisha, na zoezi la namna ile limefanyiwa utafiti si mbali na pale tulipoegesha. Katika Chuo Kikuu cha Southern Methodist, hapohapo Dallas, Alicia Meuret na wenzake wamefanya utafiti kwa watu wanaopatwa na hofu ya ghafla. Mtu wa namna hiyo hupumua kupita kiasi bila kujua. Anatoa kaboni dioksidi nyingi mno, ndipo kizunguzungu kinakuja, vidole vinakufa ganzi, kifua kinabana, naye anadhani anakufa na kuzidi kuhema. Katika mafunzo yao mgonjwa anavaa mrija mdogo puani uliounganishwa na kifaa kinachomwonyesha kiwango cha hewa hiyo, anafanya mazoezi mara mbili kila siku kwa wiki 4, na anajifunza kupumua taratibu na kwa uchache. Sisi sote tumezoea kumwambia mwenye hofu avute pumzi kwa nguvu, na kwa watu kama mdogo wangu ushauri huo unaongeza kuni motoni.

Chuo hichohicho kilikuwa makao ya James Pennebaker katika miaka ya 1980. Mwaka 1986 yeye na Sandra Beall walichapisha utafiti ambapo wanafunzi 46 waliandika dakika 15 kwa siku 4 mfululizo. Baadhi waliandika mambo ya kawaida, wengine waliandika jambo lililowaumiza zaidi maishani, tukio pamoja na hisia zake. Hawa wa pili walitoka kwenye chumba cha kuandikia wakiwa na huzuni zaidi. Katika miezi iliyofuata, hata hivyo, walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Mwaka 1994 Pennebaker na wenzake wakatoa matokeo ya kundi jingine, wahandisi waliopunguzwa kazini. Walioandika juu ya kuachishwa kwao, hasira na aibu yake yote, walipata kazi mapema kuliko wengine, ingawa hawakutuma barua nyingi zaidi za maombi.

Mdogo wangu naye anaandika. Jioni alinionyesha daftari la shule, la mistari, amelikunja kila ukurasa mara mbili kupata safu 3. Ukurasa mmoja nitaukumbuka daima. Safu ya kwanza: "Msimamizi kaandika saa 4 usiku, nipigie." Ya pili: "Wananifukuza. Nitarudi nyumbani na aibu. Mama atasema nini." Ya tatu, kwa kalamu nyingine, kwa hiyo iliandikwa baadaye: "Mwezi uliopita alinisifu. Hajawahi kumfukuza mtu kwa simu. Anapiga usiku mtu akiwa mgonjwa na anataka wa kumshikia zamu." Chini akaongeza neno moja, "Zamu." Ndicho alichokuwa akitafuta msimamizi.

Hapo nilimwambia jambo ambalo sikutaka limpite. Alikuwa akifanya zamu mbili mfululizo, saa 16, mara kadhaa kwa wiki. Hakuna daftari la kutibu saa 16. Ukiufundisha mwili kutulia ili uendelee kubeba kisichobebeka, umeusaidia mzigo, hukujisaidia wewe. Tulikaa mezani na bili zake na kalamu. Tuliandika kila dola anayotuma nyumbani na jina la anayeipokea, na tukakuta nduguze wawili wazima, wenye kazi, ambao bado wanatumiwa kwa mazoea tu. Nilichukua jukumu la kuzungumza nao mimi, kwa kuwa ni kaka mkubwa na neno langu halitaleta ugomvi. Naye akamwandikia msimamizi kwamba zamu ya pili ya Jumamosi hataishika tena. Alikaa na ule ujumbe muda mrefu kabla ya kuutuma. Shirika la Afya Duniani lina mpango mfupi uliojaribiwa Dagoretti, Nairobi, kwa wanawake 518, matokeo yakachapishwa 2017. Vikao vyake ni 5, vinaongozwa na wahudumu wa afya ya jamii, na moja ya mafunzo yake makuu ni hilohilo: tenga tatizo linalotatulika, ligawe, chagua hatua moja, ifanye wiki hii.

Wanaume ni habari nyingine. Nilikaa nao kwenye nyama choma Arlington, Wakenya na Watanzania pamoja, na kila nilipouliza habari za usingizi walinijibu habari za mpira. Mmoja tu, dereva wa lori, alinivuta pembeni akasema anatembea. Akifika kituo cha kupumzika anazunguka maegesho kwa kasi hadi jasho litoke, ndipo alale. Sikumshangaa kufanya hivyo akiwa Texas. Dallas ndiko alikohamia daktari Kenneth Cooper mwaka 1970, miaka miwili baada ya kutoa kitabu chake *Aerobics*, na katika taasisi yake ulifanyika utafiti uliochapishwa 2005 kwa watu 80 wenye sonona ya kiwango cha chini na cha kati. Baada ya wiki 12, waliofanya mazoezi kwa kiwango kinachopendekezwa dalili zao zilipungua kwa asilimia 47. Waliofanya kidogo walipata asilimia 30, karibu sawa na kundi la kunyoosha viungo tu. Na haikuleta tofauti kama mazoezi hayo yaligawanywa kwa siku 3 au siku 5. Kwa mtu wa zamu hilo ni neno la faraja. Ukikosa siku, ongeza nyingine.

Kwenda Houston ni kilomita kama 385 kwa barabara ya I-45, tambarare, ng'ombe, mabango ya mawakili. Huntsville kuna sanamu nyeupe ya Sam Houston inayozidi mita 20, unaiona kutoka mbali. Joto la Houston linafanana na la pwani yetu, lenye unyevu, na nilipotoka kwenye gari nilihisi niko Dar es Salaam ya Februari.

Mwenyeji wangu huko ni mzee wa Tanga aliyefika miaka ya 1990. Agosti 2017 kimbunga Harvey kilipoleta mvua iliyozidi mita 1 katika sehemu za mji, maji yaliingia nyumbani kwake hadi magotini. Julai 2024 kikaja Beryl, na zaidi ya wateja milioni 2 wa eneo hilo wakakosa umeme. Tangu Harvey mvua yoyote ikianza usiku, mzee alikuwa anaamka na kusimama mlangoni na tochi. Mkewe alisema ilifika wakati anafungua televisheni ya hali ya hewa mchana kutwa hata kama jua linawaka.

Sasa amejiwekea utaratibu. Habari za hali ya hewa mara mbili kwa siku, asubuhi na baada ya swala ya magharibi. Mkoba wa dharura uko tayari kabatini: pasi, dawa, chaja, hati ya nyumba ndani ya plastiki. Na mvua ikinyesha anajiuliza swali moja, "Kuna tangazo la kuhama?" Kama halipo, anarudi kitandani hata kama hana usingizi. Usiku mmoja nikiwa pale mvua ya radi ilipiga. Nilisikia hatua zake ukumbini, zikasimama, zikarudi chumbani. Asubuhi alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Nilimuuliza kama dini haitoshi. Alinijibu kuwa dini ndiyo iliyompeleka kwenye utaratibu, kwa kuwa dua anaiomba kwanza na mkoba anaufunga baada yake. Melinda Stanley wa Houston na wenzake walichapisha mwaka 2009 utafiti kwa wazee 134 wenye wasiwasi sugu. Sehemu yao walifundishwa kutuliza mwili, kupima mawazo na kutatua matatizo katika kliniki za kawaida, na wasiwasi wao ukapungua kuliko wa wenzao. Baadaye alianzisha mpango uitwao Calmer Life kwenye mitaa ya watu wa kipato cha chini, na humo mzee akitaka imani yake iingizwe katika mazoezi inaingizwa. Nadhani hilo ni sahihi kabisa, na washauri wetu wa Afrika Mashariki wanaoogopa kutaja Mungu kliniki wangefaidika nalo.

Kusini-magharibi mwa Houston nilikwenda kwenye mashamba ya Plant It Forward, shirika linalowapa wakimbizi ardhi katikati ya mji, wengi wao kutoka Kongo. Matembele, mchicha, bamia, matuta yamenyooka chini ya nyaya za umeme. Mkulima aliyeniuzia fungu la matembele alisema miaka yake ya kwanza Marekani alikuwa akikaa ndani na pazia limefungwa. Siku aliyopewa jembe hakuwa na hamu nalo. Alilima bila hamu, na hamu ikaja nyuma. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake huko Seattle walilinganisha tiba kamili ya sonona na sehemu yake moja tu, ile ya kumrudisha mtu kwenye shughuli zenye maana kwake, na sehemu hiyo peke yake ikafanya kazi sawa na tiba nzima. Mtu aliyelemewa husema atatoka akipata nafuu. Matuta yale yanaonyesha kwamba kutoka ndiko kunakoleta nafuu.

Kila mji niliopita una jumuiya zetu, na nimeona kazi yao. Mtu akifariki, kundi la WhatsApp linakusanya maelfu ya dola ndani ya saa chache, mwili unarudishwa Kigoma, Kisii au Bukavu kwa heshima. Naomba viongozi wa jumuiya hizo, wa Dallas, Fort Worth, Houston na kwingineko, watenge saa moja ya kila mkutano kwa ajili ya walio hai: duara la viti, mtu mmoja aliyefunzwa kidogo, swali moja la kweli. Kivu walifanya hivyo kwa watu wasiojua kusoma, na kilichofanyika Kivu kinawezekana Texas. Na wewe unayesoma haya ukiwa Marekani, ukifika mahali huoni sababu ya kuishi, piga 988. Namba hiyo ilianza Julai 2022, inapokelewa usiku na mchana bila malipo, na unaweza kuomba mkalimani.